Windows 10 imeachwa: Steshenari za Ifakara zifanyeje?

Msimu wa kuomba mkopo wa HESLB ukifika, wanafunzi wengi wa Bonde la Kilombero hukimbilia steshenari za Ifakara mjini. Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, matokeo ya mtihani, vyote vinapita kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na mara nyingi nakala inabaki humo.

Kama kompyuta hiyo ni ya mtumba na bado iko kwenye Windows 10, kuna shida. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft haitoi tena masasisho ya kawaida ya usalama. Anayeendelea kuyapata ni aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza tu.

Kuweka antivirus peke yake hakutoshi. Tundu likiwa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia kumbukumbu, diski na mtandao, dawa yake ni kusasisha kiini chenyewe. Mei 2017, WannaCry ilivuruga hospitali za Uingereza kupitia tundu ambalo marekebisho yake yalikuwa yametoka tangu Machi. Hayakuwa yamewekwa tu.

Fundi atasema, "Tupige Windows 11." Lakini hiyo inadai TPM 2.0 na prosesa ya Intel kizazi cha 8 au zaidi. Mashine nyingi za zamani hazifiki hapo.

Njia iliyobaki ni Linux, ambayo ni bure. Ila nayo ina masharti: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye mashine za biti 32. Printa nayo inaweza kugoma. Kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwenye flashi, bila kufuta kitu. Bando likiwa tatizo, faili likipakuliwa mara moja linatosha maduka kadhaa.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha je? Debian huacha kerneli ya zamani, na unaweza kuichagua mashine ikiwaka. Hata hivyo, hifadhi kazi zako kwanza.

Hili si hiari ya mwenye duka tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Kwa mteja: kabla hujaondoka, omba nakala zako zifutwe, mpaka kwenye pipa la takataka la kompyuta.