Mzazi Aambiwe Lini?



Kila muhula unapofungwa, mtoto hurudi nyumbani na barua. Tumezisoma barua hizo nyingi, kwa maana wazazi huja nazo katika ofisi ya parokia kuomba msaada au ushauri. Ndani yake mna salio la karo hadi shilingi ya mwisho, tarehe ya kufungua shule, fedha za mitihani ya majaribio, sare ya michezo, sabuni, karatasi za chooni, na pengine fagio moja. Zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini hatujaona hata moja iliyomweleza mzazi kwamba bweni analolala mtoto wake lina milango mingapi, kwamba usiku ufunguo hukaa kwa nani, au kwamba katika muhula uliokwisha palitokea ajali, ugonjwa, au moto mdogo uliowahi kuzimwa. Habari za deni hutufikia mapema. Habari za hatari hutufikia baadaye, na mara nyingi tunaletewa na redio.

Tunaliandika jambo hili katika kijitabu cha Haki na Amani kwa sababu twaamini kwamba kumnyima mzazi habari za usalama wa mwanawe ni kumdhulumu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule humsaidia mzazi, wala haichukui mahali pake. Basi msaidizi hawezi kumficha mwenye kazi mambo ya kazi yake mwenyewe.

Yaliyotokea Endarasha, katika Kaunti ya Nyeri, bado hayajatutoka moyoni. Usiku wa Alhamisi, tarehe 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, shule yenye wanafunzi zaidi ya 800, wa kutwa na wa bweni. Katika bweni lile, ambalo kwa sehemu kubwa lilijengwa kwa mbao, walikuwa wakilala wavulana 156. Watoto 21 walikufa, na miili yao ikabidi itambuliwe kwa vipimo vya vinasaba.

Mengi yamesemwa juu ya moto wenyewe. Sisi tungependa tutazame siku iliyofuata, ile Ijumaa. Wazazi walifika, wakasimama, wakangoja. Idadi ya waliokufa ilitajwa kwanza kuwa 17, kisha ikapanda. Mchana, Naibu wa Rais wa wakati huo alitangaza kuwa wavulana wapatao 70 hawakujulikana waliko. Hakusema kwamba wamekufa, na kweli wengi wao walikuwa hai: wengine walikimbilia nyumba za majirani gizani, wengine walichukuliwa na jamaa zao bila jina kuandikwa mahali popote. Lakini hebu tumfikirie mama aliyesimama pale akasikia hesabu ya 70, asijue kama mwanawe yumo katika majivu au amelala chini ya blanketi katika nyumba ya jirani. Saa nzima za mateso ya namna hiyo hazikuletwa na moto peke yake. Zililetwa pia na kutojulikana nani yuko wapi, nani ameondoka na nani.

Hatusemi kwamba daftari lingezima moto. Twasema kwamba shule inayojua kila usiku majina ya waliolala, kitanda kwa kitanda, na iliyokwisha kupanga mahali pa kukusanyika na mwalimu wa kuita majina, ingaliweza kumpa mzazi jibu asubuhi ile. Na shule isiyoweza kumjibu mzazi siku ya msiba haikuwa na la kumjibu hata kabla ya msiba, ila hakuna aliyeuliza.

Wala hatuwezi kudai kwamba tulikuwa hatujaonywa. Mwaka 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Bombolulu huko pwani. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, katika Machakos; mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa katika Moi Girls, jijini Nairobi. Katikati ya misiba hiyo, mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni, na mwongozo huo hauna fumbo lolote. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2. Milango ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo. Madirisha yasiwe na vyuma. Mambo haya mzazi asiyesoma sana aweza kuyapima kwa kamba na kwa macho yake mwenyewe.

Kwa nini basi hayapimi? Sababu moja ni kwamba siku ya kutembelea watoto mzazi hukaribishwa kwenye nyasi. Hapo hukaa na kuku wake na chapati zake, akamtazama mtoto akila, akaondoka jioni bila kujua mtoto analala wapi. Mwongozo wenyewe hauruhusu wageni kuingia mabwenini, na sheria hiyo ni njema, kwa kuwa inawalinda watoto. Lakini sheria ya kumlinda mtoto isigeuzwe kuwa pazia la kumfichia mzazi. Itengwe siku moja katika muhula, watoto wakiwa nje, wazazi waongozwe na walimu kupita mabweni yote na kuona. Sisi wenyewe tulilelewa katika mabweni ya seminari ndogo, na mlango ulifungwa saa tatu na nusu usiku kwa ufunguo uliokaa chini ya mto wa kiranja, kijana wa miaka kumi na saba mwenye usingizi mzito. Wazazi wetu walijua karo na siku ya kutembelea. Tuliokoka kwa neema ya Mungu, na neema si utaratibu wa kuendeshea bweni.

Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilitangaza kufunga mabweni ya shule za msingi 348 zilizokutwa hazitimizi masharti ya usalama. Tunaipongeza kwa hatua hiyo, ingawa ilikuja makaburi yakiwa yamekwisha kufukiwa. Lakini swali lipo: muhula mmoja kabla ya kufungwa, wazazi wa shule hizo 348 walikuwa wamepokea barua ya namna gani? Wakaguzi hufika, huandika ripoti, na ripoti huishia katika kabati la ofisi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ripoti ya ukaguzi wa bweni ni habari ya aina hiyo, na mzazi anayeiomba hafanyi uchochezi.

Tunawaza hasa juu ya watoto wa sekondari msingi, wale wa Gredi ya 7, ya 8 na ya 9. Tangu Januari 2023 wamewekwa katika viwanja vya shule za msingi, wakubwa pamoja na wadogo, katika majengo ambayo hayakujengwa kwa ajili yao. Mwaka 2022 Wizara ilitangaza kwamba bweni kwa watoto hadi Gredi ya 9 litakoma, kisha msimamo huo ukalegezwa. Ni umri mgumu: mtoto si mdogo tena wa kuongozwa kwa mkono, wala hajawa mkubwa wa kujiokoa. Na shule ya kutwa nayo isijidhanie salama. Tarehe 3 Februari 2020, katika shule ya msingi ya Kakamega, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana katika ngazi walipokuwa wakienda nyumbani jioni. Hapakuwa na moto wala kufuli. Ni ngazi tu, waliyoipita kila siku.

Iko hatari nyingine, ambayo juu yake barua hunyamaza zaidi. Twasema juu ya mtu mzima anayemharibu mtoto aliyekabidhiwa. Tumekwisha kuona zaidi ya mara moja mwalimu akihamishwa kimya kimya, na wazee wa pande mbili wakikaa kumaliza mambo kinyumbani, mbuzi wakatajwa, na binti akaacha shule. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inalihesabu tendo hilo kuwa jinai, wala si deni la kulipana. Wazazi wa shule anakopelekwa mtu huyo hawaambiwi neno. Anayeshiriki katika kimya hicho, awe mwalimu mkuu, mzee wa kanisa au padre, ana sehemu katika madhara yatakayofuata, na hapa hatutafuti lugha ya upole.

Maana hatuwezi kuinyoshea serikali kidole mikono yetu ikiwa michafu. Kanisa ni mdhamini wa shule nyingi katika nchi hii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mdhamini viti vitatu katika halmashauri ya shule, na wazazi wanachagua wajumbe sita. Ni ajabu kwamba parokia zetu hupigania sana mkuu wa shule awe Mkatoliki, lakini hazijawahi kuwauliza wajumbe wao watatu kama wamepata kuingia bwenini. Tukumbuke pia Julai 1991, katika Meru, katika shule iliyobeba jina la Mtakatifu Kizito, ambaye hukumbukwa kuwa mdogo kuliko wote kati ya Mashahidi wa Uganda. Usiku ule wavulana walivamia bweni la wasichana, na mabinti 19 wakapoteza maisha. Jina takatifu langoni halikuwakinga.

Tumewasikiliza wakuu wa shule, na hoja zao si za kudharauliwa. Wanasema habari ikitoka, wazazi hufurika langoni kwa hasira, watoto huhamishwa, jina la shule huharibika, na fedha za serikali zenyewe huchelewa. Wanasema pia kwamba wazazi hao hao hawaonekani mkutanoni, labda kama ni mkutano wa kupinga nyongeza ya karo. Ni kweli, nasi tunawalaumu wazazi kwa hilo. Lakini siku hizi mtoto mmoja akiugua tumbo usiku, kufikia asubuhi simu za kijiji kizima zimekwisha sema kwamba wamekufa kumi. Uvumi huo hupata nafasi mahali ambapo mwenye shule hajasema neno. Mwalimu mkuu anayetuma ujumbe mfupi wa kweli saa ile ile, akaeleza kilichotokea, walioumia ni wangapi, wako hospitali gani, na mzazi afike wapi, hujenga jina la shule kuliko yule anayefunga lango na kuzima simu. Na mzazi aliyezoea kuambiwa ukweli katika mambo madogo hatakuja na mawe siku ya jambo kubwa.

Injili ya Luka yatusimulia kwamba Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa mtoto wa Gredi ya 7, wazazi wake walipompoteza. Walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani. Hakuna aliyehesabu. Walimtafuta hadi siku ya tatu, na walipomkuta kati ya walimu, Mama yake aliuliza waziwazi mbele yao kwa nini wametendewa hivyo. Hatusomi mahali popote kwamba walimu wale walimwambia arudi siku ya kutembelea.

Kwa hiyo Tume ya parokia, pamoja na halmashauri ya walei, imekubaliana kuanza na shule zilizo chini ya udhamini wetu. Pamoja na barua ya karo, kila muhula mzazi atapelekewa barua ya usalama: idadi ya watoto katika kila bweni na idadi ya vitanda, ni nani anayelala karibu nao na nani ana ufunguo, zoezi la kutoka bwenini usiku lilifanyika lini na lilichukua dakika ngapi, na kila ajali, ugonjwa au shutuma iliyotokea, bila kutaja jina la mtoto. Wajumbe watatu wa mdhamini watapita mabweni kabla ya shule kufunguliwa na kutia sahihi zao chini ya barua hiyo, ili wajulikane. Mzazi asiyeipokea alete habari kwa mwenyekiti wa jumuiya yake, naye aifikishe kwetu katika wiki hiyo hiyo. Nao wazazi watakaoitwa kuona mabweni wafike. Asiyeweza amtume mwingine wa jumuiya.

Barua ya kwanza itatoka mwanzoni mwa muhula ujao. Mkuu mmoja wa shule ametuuliza kama moto uliozimwa na wapishi muhula uliopita, kabla haujavuka ukuta wa jiko, nao uandikwe. Tumemjibu kwamba aanze na huo.