Fowadi Hapimwi kwa Mizani

Ndugu yangu aliyeandika kwamba timu za raga za Diani zipange fowadi wazito kwanza, wepesi wangoje benchi, amechukua hoja ya mchezo mmoja akaubebesha mwingine. Kwenye raga ya wachezaji 15, fowadi ni wanane na skramu hushindaniwa kwelikweli. Hapo kilo zina kazi, sibishi. Lakini vijana wetu hucheza pia ile ya saba kila upande, ambako fowadi ni watatu tu na skramu huisha kabla hujapepesa jicho. Kinachobaki ni mbio.

Aprili 2016, kule Singapore, Kenya iliichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya raga hiyo ya saba kila upande. Nahodha alikuwa nani? Andrew Amonde, fowadi. Angepangwa kwa kusukuma tu, asingefika huko.

Na kama mwenzangu anatamani raga ya watu 13, ile iliyojitenga kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, basi ndiyo kabisa hoja yake inazama. Huko kila mwenye mpira akiangushwa, walinzi hurudi nyuma mita 10, kisha mbele tena, hadi mara sita. Hebu jaribu hayo Msambweni saa tisa alasiri, mwezi wa Februari, jezi imegandamana na mgongo, mpira unateleza kwa jasho. Kibonge wake atakuwa ameshika magoti, anahema, na pengo liko palepale aliposimama. Mimi jezi nampa yule aliyekwisha kurudi mstarini, hata akiwa na kilo 80.