Unacheka Kibodi Yenye Namba? Shuka Chekereni Msimu wa Mpunga

Haya wadau, leo nina neno na kaka mmoja wa hapa Moshi, jina kapuni. Mnamjua wenyewe: kila wiki anafungua boksi la laptopu mpya, nyuma yake Kilimanjaro imetulia zake. Juzi kashika mashine yenye zile batani za namba upande wa kulia, akaguna: "Hii ya makarani, vijana hatutumii." Vicheko vikamiminika.

Bro, hapo umezingua.

Shuka tambarare mpaka Chekereni, kwenye mashamba ya mradi wa Lower Moshi uliojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani. Mavuno yakifika, gunia linapanda mizani, kilo zinaandikwa, bei inazidishwa, mkulima anasubiri chake. Anayeingiza hesabu hizo kwenye kompyuta ana kazi moja: mkono wa kushoto ushike karatasi, wa kulia upige namba, macho yasitoke kwenye karatasi. Mstari wa namba ule wa juu haukupi hiyo raha. Vidole vinasafiri, macho yanapanda na kushuka, mara umeruka gunia la mtu.

Ndiyo maana batani ya 5 ina kale kauvimbe. Kidole cha kati kinakapapasa, basi, mkono unajua uko wapi. Mpangilio wenyewe wa 7-8-9 juu na 1-2-3 chini ni wa siku nyingi, ulikuwepo kwenye mashine za kujumlisha za Sundstrand huko Marekani tangu mwaka 1914. Kitu kimedumu zaidi ya miaka mia kwa sababu kinafanya kazi, wewe unakiita ushamba?

Sasa sikilizeni sehemu ya maokoto. Simu yako imepangwa kinyume: 1-2-3 ziko juu. Watafiti wa Bell Labs walijaribu mipangilio kibao, matokeo yakatoka mwaka 1960, na simu zikaenda na huo. Sisi tumejifunza pesa kwenye simu. Tumekua na *150*00#. Siku unakalia kiti cha keshia, vidole vinakumbuka simu. Unataka kupiga 170,000 bila kuangalia, kwenye skrini inakuja 710,000. Hiyo tofauti ya 540,000 nani anaifidia? Sio yule kaka wa maboksi.

Na kozi nyingi za kompyuta mtaani? Wiki nzima mnapiga herufi, batani za namba zinaguswa siku ya cheti. Halafu binti anaenda kwenye usaili wa duka la jumla, anadonoa namba moja moja kwa kidole kimoja kama kuku. Nafasi imeenda.

Tusioneane, kasoro zipo. Num Lock ni kero. Ilitokana na kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981, ambapo mishale na namba vilibanana kwenye batani zilezile. Leo mishale ina batani zake, lakini Num Lock ikizimika bado unapiga kilo na kasa inatembea ovyo. Na kweli, zile namba zinasukuma herufi kushoto na mausi kulia, kwa hiyo kama wewe ni wa kuhariri video, nunua kibodi fupi kwa amani. Ukizihitaji siku moja, zipo za kuchomeka pembeni.

Ila "mimi sihitaji" na "vijana hatuhitaji" ni maneno mawili tofauti. Kaka, wanaokufuata hawana milioni ya kubahatisha. Wengine wamechangiwa na mama aliyeuza magunia mawili ya mpunga, ili mtoto apate kazi ya uhasibu, ya stoo, ya uwakala. Wewe unapata zawadi za maduka, wao wanabaki na mashine nyembamba isiyofanana na kazi wanayoitafuta. Kabla hujaguna tena, sema mashine inamfaa nani. Sekunde kumi tu.

Na nyie mnaocheka: karani mnayemcheka ndiye anayepiga mshahara wenu. Ombeni vidole vyake viijue 5 ilipo.

Wewe unapiga namba kwa kuangalia au kwa kupapasa? Semeni ukweli hapo chini, ma-keshia mtangulie.