Siku Kumi za Likizo na Safari ya Umra

Mke wa askari mmoja wa hapa Kigali ametuandikia kutaka shauri. Mumewe amepata siku kumi za likizo, mama mkwe wake ni mtu mzima ambaye miaka mingi ametamani kuiona Makka, na fedha zilizopo zatosha kwa shida. Anauliza: je, siku kumi zafaa, au ni afadhali kungoja?

Siku kumi zafaa. Umra si Hija. Haina siku zake maalumu katika mwaka, na matendo yake yaweza kumalizika kwa saa chache: kuhirimia, kuizunguka Kaaba mara saba, kwenda baina ya Safa na Marwa mara saba, kisha kunyoa au kupunguza nywele. Zinazokula siku ni njia, uchovu na makaratasi.

Tuanze na ruhusa. Mtumishi wa serikali, awe wa ofisini au wa kambini, hatoki nje ya nchi kwa sababu tu ana tiketi mkononi. Barua iandikwe mapema, na fedha zisilipwe kabla ya jibu kurudi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ipigwe siku kumi au zaidi kabla ya kuwasili, na cheti chake kisitengane na pasipoti.

Kisha yapo mambo ambayo wanaume hawayakumbuki wanapochagua tarehe. Mwanamke aliye katika hedhi hatufu. Katika safari ya mwezi mzima atangoja atwaharike; katika safari ya siku kumi huenda ndege ikamkuta bado amo katika ihramu. Kwa hiyo, bibi, hesabu siku zako kwanza, ndipo bwana apeleke barua kazini.

Na mkiwa na mzee, tazameni pia jua. Sisi wa Kigali tumezoea baridi ya vilima, mita 1,500 hivi juu ya bahari. Makka imo bondeni, katikati ya majabali. Wakati wa Hija ya Juni 2024, joto lilifika nyuzi 51.8, na watu zaidi ya 1,300 walifariki. Desemba au Januari ni miezi ya huruma zaidi, na mwisho wa Desemba huangukia katika likizo ya watoto wa shule.

Kuhusu njia, nitasema yaliyotupata wenyewe, maana mwalimu asiyekiri makosa yake hufundisha nusu. Tulipanda ndege Kigali, tukabadilisha Addis Ababa, tukaelekea Jeddah. Mume wangu ni polisi, mtu wa viatu kung'aa na vifungo kukaa sawa. Shuka zake mbili za ihramu nilizipiga pasi mwenyewe, nikazikunja vizuri, nikazitia katika sanduku kubwa. Sanduku likaenda tumboni mwa ndege! Tulipotangaziwa kwamba mikati inakaribia, wanaume wenzake wote walikuwa weupe, naye yumo ndani ya suruali na koti. Mzee mmoja wa kiti cha jirani akamwambia asiipite mikati bila nia. Anuie hivyo hivyo alivyo, abadili nguo atakapotua, kisha atoe fidia. Fidia ya mavazi ni hiari ya mambo matatu: kufunga siku tatu, kulisha maskini sita, au kuchinja. Alifunga siku tatu kule Makka, nami niliona haya kila nilipokula mbele yake.

Ndiyo sababu nashauri muanzie Madina ikiwa tiketi yaruhusu. Mtafika katika nguo zenu za kawaida, mzee apumzike, azuru Msikiti wa Mtume na Kuba. Anayetaka kuingia Rawdha aombe nafasi mapema katika programu ya Nusuk, kwani huingiwa kwa saa iliyopangwa. Mkishapumzika mtahirimia Dhul-Hulaifa, nje kidogo ya mji, bila haraka ya angani. Kutoka Madina mpaka Makka ni kilomita 450 hivi. Tangu 2018 ipo reli ya mwendo wa kasi, ingawa basi linalosimama mikatini ni jepesi zaidi kwa mgeni.

Wakala akisema nyumba iko "karibu na msikiti", mwulizeni ni mita ngapi, na kama kuna mlima. Yetu ilikuwa karibu kwa ndege arukaye.

Sasa fedha, jambo ambalo naona ndilo lililokusumbua hasa. Mama mkwe wangu, wa Biryogo, aliweka akiba yake kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ilipopungua theluthi moja, mume wangu alitaka kukopa kwa mshahara wake. Nilikataa. Nilisema karo za Septemba haziwezi kungoja, na ibada hii haitaki deni. Mama alinyamaza, akasema tungoje. Tukangoja mwaka mmoja, tukaenda bila deni lolote.

Lakini mwaka ule goti lake lilizidi. Alitufu kwa miguu, polepole, akiniegemea begani. Safa na Marwa, ambazo kwa mara saba ni kilomita tatu hivi, hakuziweza; tulimchukulia kiti cha magurudumu, naye alikuwa amesema tangu Kigali kwamba atakwenda kwa miguu yake kama Hajara. Hakunilaumu. Alikaa kitini, akavua viatu, akavipakata, ili nyayo zake walau ziwe wazi.

Basi, bibi, kwa deni bado nakwambia hapana. Lakini kama kinachopungua ni kidogo, na goti la mama bado laweza, waiteni shemeji zako wote juma hili hili, kila mmoja aseme atatoa nini.