Usiyakimbie Maharage, Mwaga Maji Yake!

Wiki hii nawaomba mfungue madirisha kabisa, maana mada yenyewe inataka hewa. Tunaongelea gesi. Si ile ya mtungi, la hasha! Ni ile ya tumboni, inayomfanya kijana mtanashati wa Kashai abane pumzi mbele ya mchumba kama anapigwa picha ya pasipoti.

Msijifanye hamuijui. Gesi haibagui. Hata uwe nshomile mwenye digrii tatu na viatu vinavyong'aa kama kioo, ukishapiga sahani ya ndizi maharage mchana, ikifika saa kumi tumbo linaunguruma kama lori linalopanda kwenda Kamachumu.

Juzijuzi nilipanda Hiace kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba. Mvua inanyesha, vioo vyote vimefungwa, siti ya watatu tumekaa wanne. Kabla hatujafika Kemondo, mtu akaachia. Bwana wee! Sauti haikusikika, lakini kazi yake ilionekana. Kila mmoja akamkata jicho jirani yake. Konda akasingizia eti kuna dagaa kwenye buti.

Basi jamaa mmoja hapo hapo akaona soko limejileta. Akatoa chupa ya unga wa kahawia, akatangaza dawa ya gesi, minyoo, kiuno, mikosi na nguvu za kiume, yote hayo kijiko kimoja kutwa mara tatu! Watu wakanunua. Dada niliyekaa naye akaninong'oneza, "Kaka, mimi nilishakoma. Maharage sili tena, hata nyumbani kwangu siyapiki. Watoto wanakula ndizi na chumvi, siku nikipata samaki ndiyo sikukuu."

Hapo ndipo niliposhtuka, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Ndizi zetu ni tamu, sibishi, lakini ni wanga mtupu, protini yake ni kiduchu. Wazee waliochanganya ebitoke na maharage kwenye chungu kimoja hawakuwa wajinga. Ndizi inashibisha, maharage yanajenga mwili, tena kwa bei ambayo hata mwenye kibarua cha kuokoteza anaimudu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Kagera hii hii inayosifika kwa shibe, takriban mtoto mmoja kati ya watatu wa chini ya miaka mitano amedumaa. Sababu ziko nyingi, lakini mlo wa aina moja kila siku nao umo. Sasa mama akiyafukuza maharage jikoni kwa kuogopa aibu ya kwenye Hiace, anayelipa ni mtoto.

Hivi gesi yenyewe inatoka wapi? Maharage yana aina fulani ya sukari ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuivunja. Inapita ilivyo mpaka kwenye utumbo mpana, na huko inakuta mamilioni ya bakteria wanaisubiri kwa hamu. Wao ndio wanaoila, na wakila wanatoa hewa. Kwa hiyo si uchawi wala si mkosi, ni sherehe ya bakteria, wewe umetoa ukumbi tu. Mtu mzima mwenye afya njema hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya hewa kwa siku, na akiachia mara kumi hadi ishirini bado ni mzima. Harufu nayo inatokana na sehemu ndogo sana ya hewa hiyo, ile yenye salfa.

Dawa ya kwanza iko kwenye sufuria. Shangazi yangu wa Kamachumu, ambaye amelisha ukoo mzima na sijasikia mtu akilia tumbo, anacheka sana akisikia vijana wa mjini wanalalamika. "Ninyi mnapika maharage mkiwa mmesimama," ananiambia. "Maharage yanataka kulala kwanza."

Ana maana hii. Usiku yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi. Asubuhi yale maji mwaga. Narudia, mwaga, usiyaonee huruma, maana sehemu ya ile sukari imeshatokea humo. Suuza, weka maji mapya, chemsha kama dakika kumi, kisha mwaga tena. Tia maji mengine, pika mpaka yaive kabisa, yale ya kubonyea kwa vidole. Ndipo uingize ndizi zako. Faida nyingine ni kwamba maharage yaliyolowekwa yanaiva haraka, na kwa bei hii ya mkaa si haba.

Kama uliyaacha siku nyingi, usirudi na sahani mlima. Anza na vijiko vichache, ongeza taratibu. Wengi wetu tumbo huzoea baada ya wiki kadhaa. Kunde nazo mara nyingi zina nafuu, jaribu.

Tena tusiyabebeshe maharage mizigo isiyo yao. Kuna mtu anakula kama anafukuzwa na mgambo, kila tonge linaingia na hewa yake, halafu anateremshia soda ya baridi na kumalizia na Big G. Akianza kubeua anamlaumu mpishi! Kabichi na vitunguu vinachangia. Kiporo cha ndizi nacho kimo, maana wanga wake ukishapoa, sehemu yake hugoma kusagika tumboni na kuwaendea wale wale bakteria. Na maziwa: watu wazima wengi hatuyawezi sana yakiwa hayajaganda. Jaribu mtindi, pengine utaona tofauti. Ukitaka kumjua mchawi wako, andika kwenye daftari kila unachokula kwa wiki mbili. Utamkamata.

Ikishakukamata, kabla hujamtafuta mwenye chupa, tembea. Dakika kumi na tano za miguu baada ya msosi zinasukuma hewa kuliko kulala chali kwenye kochi. Chai ya tangawizi isiyo na sukari nyingi huwasaidia wengi, majani ya mnanaa vilevile. Lala chali, vuta magoti kifuani, tulia hivyo dakika chache. Halafu, jamani, nenda chooni ukaachie! Kubana kutwa nzima kwa ajili ya heshima ndiko kunakoleta maumivu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku hizi kila mwenye gesi anajiita mgonjwa wa vidonda vya tumbo na kumeza dawa za jirani. Vidonda havipimwi kwa kukisia. Bakteria anayesababisha vingi kati yake anaweza kutafutwa kwenye choo chako, na akionekana anatibiwa kwa dawa zinazojulikana. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna kichocho cha tumbo pia, nacho kinapimwa na kina tiba. Ukiona unakonda bila sababu, choo kina damu au ni cheusi kama lami, unatapika ovyo, homa haikuachi, au unaamka usiku kwa maumivu, tangawizi weka pembeni. Na tumbo likivimba, choo hakitoki wala hewa haitoki, usingoje kesho. Ndolage ipo, Rubya ipo, hospitali ya mkoa pale Bukoba ipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtu asife kwa sababu aliona haya kulitaja tumbo lake mbele ya daktari.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu, maharage yarudi jikoni. Leo jioni yaloweke, kesho mwaga maji, watoto wale washibe. Gharama ni ndoo moja ya maji tu.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na ukipanda Hiace, kaa dirishani!