Namungo: mnamlaumu beki, namba sita alikuwa wapi?

Wadau, ukipanda gari Nachingwea kwenda Ruangwa siku ya mechi, kesi inahukumiwa kabla hamjafika Uwanja wa Majaliwa: mabeki wa Namungo wabovu. Mimi napinga.

Kumbukeni Februari 2021, Kombe la Shirikisho Afrika. Pale Chamazi Namungo waliwapiga Primeiro de Agosto ya Angola 6-2, siku chache baadaye wakafungwa 3-1. Wakapita kwa jumla ya 7-5 na tukashangilia (hata mimi, sikatai). Lakini kuruhusu mabao 5 kwa mechi 2! Kwenye makundi wakakutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, wakapoteza mechi zote 6.

Timu ikifungwa hivyo, lawama ni za namba nne na tano. Hebu siku nyingine acheni kuufuata mpira, mwangalieni namba sita. Kipa anampa beki pasi, washambuliaji wawili wanamvaa. Namba sita kampa mgongo, au kajificha nyuma ya mpinzani. Mabeki wa pembeni wako mbele huko wanawaza krosi. Sasa huyu afanye nini? Akibutua, hana akili. Akipiga pasi ikanaswa, kauza mechi!

Mimi nahesabu kitu kimoja tu: beki akiwa na mpira, ana watu wangapi wa kumpa? Kama hawafiki wawili, bao hilo simwandikii yeye.

Dirisha la usajili likifunguliwa kijana wa watu anaachwa, analetwa beki mwingine, mbele yake namba sita ni yule yule. Nyie mnaonaje?