Nani Kakuambia Moja Haiui?

Pita stendi ya Korogwe, nenda Handeni mjini, kisha vuka bahari hadi London wanakoishi ndugu zetu. Msemo ni ule ule: "Kunywa bwana, moja haiui!" Mimi nasema huo ni uongo, na wanaoueneza ni sisi wenyewe.

Chukua kijana wa Handeni anayeishi ughaibuni na ugonjwa wa sukari. Kila siku anajidunga insulini, na insulini inashusha sukari. Ikishuka mno, ini hutoa akiba yake kumwokoa. Lakini ini likikuta pombe, hushughulika kwanza na pombe, na ile akiba haitoki inavyotakiwa. Hatari yaweza kuja saa nyingi baadaye, hata usingizini. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, ulimi humwia mzito, huyumba. Yaani anaonekana kalewa! Nyumbani mama angekimbilia kopo la sukari. Ugenini, akianguka kituo cha basi ananuka bia, wapita njia watasema "mlevi huyo" na kwenda zao. Bado moja haiui?

Wapo wanaouliza, mpweke ajifariji na nini? Hoja hiyo ni ya kale. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalijaa wageni, manamba walioletwa kutoka mbali, wengine kwa mkono wa SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944. Waliishi kambini, mbali na wazee wao, na kwa wengine pombe ikawa ndiyo ndugu. Je, ndugu huyo aliwalipia nauli ya kurudi kwao? Aliwala ujira tu. Leo mjukuu wa manamba anapanda ndege, na ndugu yule yule anamsubiri kule anakotua.

Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Vizuri sana. Ila kifuko cha plastiki hukamatika, msemo haukamatiki. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Nani amelisema hilo harusini?

Sasa tugeukie kalamu zetu, waandishi chipukizi. Katika hadithi zetu anayekunywa soda ni mlokole, ustaadhi au mtoto wa mama. Shujaa lazima ashike bilauri, la sivyo eti hajaishi! Yuko wapi kijana asiyekunywa kwa sababu tu anataka kuiona kesho? Kwa nini mgonjwa aonyeshe kadi ya kliniki ndipo aruhusiwe kunywa maji?

Na nyinyi mlio nyumbani, hamjanusurika. Mjomba akirudi likizo mnampokea kwa kreti. Akikataa, mnasema kajifanya Mzungu. Miezi kumi na moja kashindana na chupa peke yake katika baridi, halafu mnamwangusha nyinyi, damu yake, kwa jioni moja!

Anayesema "sinywi" amekwisha jibu. Hadaiwi maelezo. Mpe maji, muulize kama amekula, stori ziendelee.